Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya uvimbe wa watoto

ARUA – Mfanyabiashara anayetoka Kampala na mzigo wa kwenda Kaya au Ariwara huvuka daraja la Pakwach, hupanda Nebbi, kisha kabla ya kuingia Arua huipita Kuluva bila kugeuza shingo. Akili yake iko mbele: dola imelala bei gani, karatasi za forodha ziko sawa, lori litavuka Oraba leo au litalala. Hospitali ya misheni iliyo kilomita kama kumi hivi kusini mwa mji haimhusu, labda apate ajali.

Lakini jina la Kuluva limo katika vitabu vya udaktari vinavyosomwa London na Tokyo. Kutoka hapo, na kutoka vijiji vya West Nile hadi mpaka wa kaskazini, ulipatikana ushahidi mkubwa kwamba kirusi kinaweza kuhusika na saratani ya binadamu. Mtu aliyeanzisha habari yote hiyo alikuwa daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, mtumishi wa serikali ya kikoloni ambaye hakuwa na maabara ya maana wala fedha za utafiti. Aliitwa Denis Parsons Burkitt.

Alizaliwa Februari 28, 1911, Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara wa wilaya, na saa za jioni alikuwa na kazi nyingine ambayo majirani lazima waliishangaa. Aliwafunga ndege pete miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege ana eneo lake na hapiti mpaka wa mwenzake. Mtoto akikulia nyumba ya namna hiyo hujifunza mapema kuuliza kitu kiko wapi na hakiko wapi. Swali hilo ndilo litakalomfanya Denis ajulikane.

Akiwa na umri wa miaka 11 alijeruhiwa jicho katika ugomvi wa watoto wa shule, na jicho hilo likapotea. Alipofika Chuo cha Trinity, Dublin, alianza na uhandisi kama baba yake, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alikuwa Mkristo wa dhati wa upande wa walokole, na aliamini kwamba kazi yake ni Afrika. Familia haikuwa ngeni huku: ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari maarufu wa upasuaji Nairobi.

Alipoomba kazi katika utumishi wa kikoloni, alikataliwa kwa sababu ya jicho. Daktari wa upasuaji mwenye jicho moja ataona vipi kina cha kidonda? Vita vya pili vya dunia vilimfungulia mlango mwingine. Jeshi lilimchukua mwaka 1941, likamleta Afrika Mashariki, kisha likampeleka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapangiwa Uganda, wilaya ya Lango, makao yake Lira.

Lira ndipo alipoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba ni mwana wa baba yake. Alikuwa akipasua mabusha, ugonjwa ambao wanaume wengi walikuwa wakiuficha, akagundua kwamba wagonjwa wengi wanatoka mashariki ya wilaya na wachache mno wanatoka magharibi. Daktari mwingine angepasua na kuendelea. Yeye alihesabu, akachora, akaandika. Baada ya miaka miwili alihamishiwa Kampala, hospitali ya Mulago, na huko akakaa karibu miaka kumi akifanya kazi ya kawaida ya mpasuaji, bila jina.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini kumtazama mvulana wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba kila upande, taya la juu na la chini, kulia na kushoto, meno yamelegea na kupotoka. Burkitt hakujua ni nini. Kama ni usaha, mbona pande zote nne kwa pamoja? Kama ni saratani, vivyo hivyo. Alimpiga picha na hakuweza kumsaidia.

Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja. Alipochungulia dirishani aliona mama ameketi nje na binti mdogo mwenye uso ule ule. Alitoka akampima, akakuta pia uvimbe tumboni. Kitu cha ajabu kikionekana mara moja ni bahati mbaya; kikionekana mara mbili kwa mwezi, kina jina hata kama hakuna anayelijua. Alirudi Mulago akafukua mafaili. Akakuta watoto wengine wengi, baadhi wameandikwa uvimbe wa taya, baadhi wa figo, baadhi wa jicho, kila mmoja katika daftari tofauti kana kwamba ni magonjwa tofauti. Hata Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo, alikuwa amekutana na uvimbe kama huo mwanzoni mwa karne. Haukuwa ugonjwa mpya. Ulikuwa mbele ya macho ya madaktari muda wote, umetawanyika katika makaratasi.

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha habari za watoto 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Karibu hakuna aliyejali. Wataalamu wa maabara wa Mulago, akiwemo Gregory O'Conor, ndio walioonyesha kwamba uvimbe wote huo, wa taya na wa tumbo, ni kitu kimoja: saratani ya chembe za kinga za mwili, aina inayoitwa limfoma. Baadaye ulimwengu uliipa jina la limfoma ya Burkitt.

Hapo ndipo akarudi kwenye swali la nyumbani kwao: iko wapi, haiko wapi? Kwa ruzuku ya kwanza ya pauni 25 alichapisha vijikaratasi vyenye picha za watoto wenye uvimbe, akavituma kwa mamia ya hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza kama wamewahi kuona mtoto wa namna hii. Majibu yalipokuja, alichoma pini kwenye ramani ukutani. Pini zilijipanga kama ukanda mpana kati ya Senegal na pwani ya mashariki, kukiwa na mkia unaoshuka kusini kupitia Msumbiji. Alitaka kujua kingo za ukanda huo, na kwa hilo barua hazikutosha. Ilibidi aende.

Hapa ndipo Arua inapoingia, na hapa mwandishi wa habari hii ana lalamiko dogo. Dunia inamjua Burkitt, lakini Ted Williams wa Kuluva anajulikana na wachache. Williams alikuwa mmisionari aliyefanya kazi Kuluva pamoja na ndugu yake Peter, naye pia daktari, na alikuwa na sifa mbili ambazo Burkitt alizihitaji kuliko dola. Ya kwanza, alijua kutengeneza magari. Ya pili, aliandika kila kitu: mgonjwa gani, kijiji gani, tarehe gani. Mfanyabiashara mwenye daftari safi la madeni ataelewa thamani ya mtu huyo.

Oktoba 7, 1961, Burkitt, Williams na mmisionari mwingine, Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari la Ford la mwaka 1954 lililokuwa limeshatumika sana. Walirudi wiki kumi baadaye, wakiwa wamesafiri maili 10,000, yaani zaidi ya kilomita 16,000. Walipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia zote mbili, Msumbiji, hadi Afrika Kusini, wakisimama hospitali zaidi ya 50, kila mahali wakitoa picha na kuuliza swali lile lile. Nani asiyejua barabara za wakati huo? Hata za sasa, anayepita Koboko kwenda Yei msimu wa mvua atakwambia. Safari hiyo waliiita kwa Kiswahili, safari, na vitabu vya historia ya udaktari vinaiita hivyo mpaka leo: ile safari ndefu.

Waliporudi ramani ilisema jambo la wazi. Ugonjwa haufuati kabila, haufuati lugha, haufuati mpaka uliochorwa na wakoloni. Unafuata mwinuko, joto na mvua. Juu ya mita 1,500 hivi karibu na ikweta haupo au ni nadra. Ndiyo maana nyanda za juu za Rwanda, Burundi na Kabale zilikuwa salama, huku bonde la Nile, ukanda wa Ziwa Viktoria na pwani vikiumia. Mahali pakavu mno pia hapana. Kwa mtu wa Koboko hilo halishangazi. Mkakwa yuko Uganda, yuko Kongo, yuko Sudan Kusini, na West Nile yenyewe ilikuwa mikononi mwa mfalme wa Wabelgiji, kisha ikasimamiwa kutoka Sudan, kabla ya kutiwa Uganda mwaka 1914. Mbu hakuulizwa pasi katika zamu hizo zote.

Ukanda wa joto na mvua unamaanisha wadudu, na wadudu wanaweza kubeba virusi. Burkitt alidhani amepata jibu: huenda kuna kirusi kinachosambazwa na mbu kama vile homa ya manjano. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi hapa kwetu. Mwaka 1937 watafiti wa taasisi ya Entebbe, wakitafuta homa ya manjano, walichukua damu ya mama mmoja mwenye homa huko Omogo, wilaya hii hii ya West Nile, wakakuta kirusi kisichojulikana, kinachoenezwa na mbu. Walikipa jina la wilaya. Kirusi hicho kilipotua New York mwaka 1999, Wamarekani wakaanza kutaja West Nile kila kiangazi bila kujua ni mahali ambapo watu wanalima tumbaku na kuuza samaki wa Panyimur.

Inafaa tueleze kidogo kirusi ni nini, maana neno linatumika ovyo tangu tulipofungiwa mipaka wakati wa Korona. Kirusi ni kidogo kuliko bakteria mara nyingi, hata darubini ya kawaida haikioni. Hakili, hakipumui, hakizai peke yake. Ni kipande cha maelekezo ya urithi kilichofungwa ndani ya ganda. Kikiingia katika seli ya mtu, hukigeuza kiwanda cha watu kuwa kiwanda chake: seli huacha kazi yake na kuanza kutengeneza virusi. Ndiyo maana antibiotiki unazonunua duka la dawa hazikigusi. Zile hushambulia mitambo ya bakteria, na kirusi hakina mitambo. Vingine huua haraka kama Ebola. Vingine huingia na kukaa kimya maisha yote. Hivi vya kimya ndivyo habari hii inavyohusu.

Machi 22, 1961, miezi kadhaa kabla ya safari ndefu, Burkitt alikuwa likizo Uingereza akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikaa kijana mtaalamu wa virusi vya saratani ya kuku, Anthony Epstein. Aliposikia kuna saratani ya watoto inayofuata joto na mvua, alielewa kabla mhadhara haujaisha kwamba lazima kuna kitu cha kibiolojia kinachoieneza. Wawili hao walipatana: vipande vya uvimbe vitoke Mulago kwa ndege ya usiku hadi London.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha, Desemba 5, 1963, ukungu uliifunga London na ndege iliyobeba sampuli ikatua Manchester. Mzigo ulichelewa (hapa msomaji aliyewahi kulala Vurra na nyanya atatikisa kichwa). Ulipofika, maji ndani ya chupa yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Badala ya kumwaga, Epstein aliweka tone chini ya darubini. Hayakuwa yameoza. Seli za saratani zilikuwa zimechomoka kutoka kwenye nyama wakati wa mtikisiko wa safari na zilikuwa zinaelea zikiwa hai. Yeye na Yvonne Barr walizikuza, na Februari 1964, kwa darubini ya elektroni, wakaona virusi ndani yake. Pamoja na Bert Achong walichapisha habari hiyo mwezi uliofuata. Ndicho kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Baadaye ikaja aibu kidogo kwa ile dhana ya mbu. Werner na Gertrude Henle, mke na mume watafiti wa Philadelphia, walipima damu za watu wa nchi nyingi wakakuta kwamba karibu kila mtu mzima duniani ana kirusi hicho. Huambukizwa kwa mate, mama akimtafunia mtoto chakula, watoto wakigawana kikombe. Mbu hana kazi hapo. Sasa, kama sote tunacho, mbona saratani inawapata watoto wa ukanda wa joto tu?

Jibu lililokubaliwa na wengi linamrudisha mbu kwa mlango wa nyuma, na Burkitt mwenyewe alilitetea mwaka 1969: malaria. Aligundua kwamba Zanzibar na Pemba, ambako malaria ilikuwa imebanwa, uvimbe huo ulikuwa haba mno ingawa kuna joto na mvua tele. Kirusi hukaa ndani ya seli zinazotengeneza kingamwili. Malaria ya kila mara huzilazimisha seli hizo kugawanyika bila kupumzika, na kudhoofisha askari wanaozilinda. Katika kugawanyika huko kwa haraka, siku moja kosa hutokea katika maelekezo ya seli, na seli moja huanza kuzaana bila breki. Dhana hiyo si ngumu kuieleza, lakini kuithibitisha ni kazi. Kuanzia 1977 watoto wa Mara Kaskazini, Tanzania, walipewa klorokwini ili kuona kama saratani itapungua. Ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa, na malaria ikarudi kwa nguvu.

Uthibitisho kuhusu kirusi chenyewe ulitoka kwetu. Madaftari ya Williams yalikuwa yameonyesha kwamba watoto wa West Nile walioumwa karibu wakati mmoja waliishi pia karibu karibu kuliko bahati tupu inavyoruhusu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon, Ufaransa, likaamua kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijaribu: kuchukua damu ya watoto wazima, kuihifadhi kwenye barafu, na kusubiri. Kati ya 1972 na 1974 watafiti walizunguka vijiji vya wilaya wakichukua damu ya watoto wapatao 42,000. Huo ni wakati wa Idi Amin, mwana wa Koboko. Maduka ya Wahindi yamefungwa, petroli ya shida, wageni wanaondoka. Kazi iliendelea hadi vita vya 1979.

Watoto wachache kati ya hao walipata uvimbe, na damu yao ya zamani ikatolewa kwenye barafu na kupimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978: waliougua walikuwa na kingamwili nyingi za kirusi hicho hata kabla ya kuumwa, na mtoto aliyekuwa nazo kwa wingi sana alikuwa na hatari kama mara 30 zaidi. Majina ya Wafaransa na Waingereza yamo kwenye jarida. Ya mama waliokubali watoto wao wadungwe sindano, na ya vijana waliowaongoza watafiti kijiji hadi kijiji, hayamo. Nadhani ni deni.

Burkitt mwenyewe hakungoja maabara. Mulago haikuwa na mionzi ya kutibu saratani, na kumkata mtoto taya lote hakukumpendeza. Kuanzia mwaka 1960 alijaribu dawa zilizokuwa mpya wakati huo, nyingine akipewa na madaktari wa New York, na akaona uvimbe ukiyeyuka katika siku chache. Watoto kadhaa walipona kabisa baada ya dozi moja au mbili, kipindi ambacho vitabu vya Ulaya vilisema saratani haiponi kwa dawa. Kituo kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa hao ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, inayopokea leo wagonjwa kutoka Juba, Bunia na Kigali.

Ugonjwa haujaondoka. Ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mara nyingi dalili ya kwanza ni meno ya mtoto kulegea kabla ya wakati, na wazazi hudhani ni jino bovu. Jino hung'olewa sokoni, wiki mbili zinapita, kisha mganga, kisha antibiotiki. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya tisa kati ya kumi hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu si kwamba dawa haijulikani: ni kuchelewa, ni nauli, ni mzazi kurudi nyumbani uvimbe ukishapungua kabla matibabu hayajaisha. Tiba ipo Mulago, na ipo hospitali ya Lacor, Gulu, ambayo kwa mtu wa Koboko ni safari ya siku moja.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Uingereza ilimpa heshima nyingi, akaingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi mwaka 1972, lakini yeye alikuwa ameshahamia jambo lingine. Alikumbuka kwamba katika miaka yote ya upasuaji Uganda hakukutana na magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Ulaya, na akaamini sababu ni chakula: mtama, maharage, mihogo na mboga za majani zilizo na makapi yake. Alizunguka dunia akiwahubiria Wazungu waache mkate mweupe, akiwaonyesha bila haya picha za vinyesi na akisema wazi kwamba choo cha kuchuchumaa ni bora kuliko cha kukaa. Baadhi ya hoja zake zimepingwa tangu wakati huo, ila waganga wengi wa lishe bado wanamfuata.

Alifariki Machi 23, 1993, Gloucester, akiwa na miaka 82. Chanjo ya kirusi cha Epstein-Barr bado haijapitishwa kwa matumizi popote duniani.